Tasnifu Zinazotoka Usambara Zirudi Usambara

 

Leo nazungumzia watu wawili. Mmoja ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Madarasa amemaliza, mitihani amefaulu, na bado hajahitimu kwa sababu kuna kitabu kimoja anachodaiwa na chuo, nacho lazima akiandike mwenyewe, yaani tasnifu. Mwingine ni mkulima wa huku kwetu Lushoto, ambaye siku moja alishusha jembe begani, akakaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji na kumjibu mwanafunzi huyo maswali mengi bila malipo. Kanuni za vyuo vikuu zinamfuata yule wa kwanza hatua kwa hatua, hadi upana wa pambizo za karatasi yake. Huyu wa pili zinamkumbuka mara moja tu, anapotia sahihi au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Baada ya hapo hasikii lolote. Naona hapo pana kasoro kubwa, na nitaeleza jinsi inavyoweza kurekebishwa hapa hapa mlimani bila kungoja sheria mpya.

Nianze na mwanafunzi, maana najua wapo wazazi wanaonisikiliza ambao kijana wao amekuwa akiwaambia kwa muda mrefu, "Mama, kozi nimemaliza, imebaki disetesheni." Mwaka unapita, imebaki disetesheni. Mwaka mwingine unaingia, bado disetesheni. Nyumbani minong'ono inaanza: labda amefeli anatuficha, labda ada amekula. Mzazi mwenzangu, mara nyingi hajafeli wala hajala ada. Amekwama mahali ambapo wanafunzi wengi wa nchi hii hukwama, na ni vizuri ukapajua.

Shahada ya uzamili hapa Tanzania hupimwa kwa krediti, kwa utaratibu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005. Krediti zinazotakiwa ni 180, na kila krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 1,800. Sehemu yake hutumika darasani, ambako kuna mwalimu, ratiba na wenzako wa kukusukuma. Sehemu ya tasnifu uko peke yako na kompyuta yako. Kwa mwalimu wa sekondari anayefundisha vipindi mchana na kusahihisha madaftari usiku, huku akisoma kwa njia ya Chuo Kikuu Huria, hapo ndipo mambo huwa magumu.

Pale Magamba, kilometa chache kutoka mjini, kulianzishwa pia chuo kikuu. Ni Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa, kilichoanza 2007 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini, na kinabeba jina la askofu aliyepata kuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT. Kilijulikana mapema kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu. Nakitaja kwa sababu watu wengine hudhani utafiti ni jambo la Dar es Salaam na Morogoro. Upo hata huku kwetu.

Safari yenyewe ya tasnifu huanza na pendekezo la utafiti, ambalo vijana wanaliita proposo. Mwanafunzi anaeleza anataka kujua nini, wengine wameshaandika nini kuhusu jambo hilo, na yeye atatumia njia gani. Analitetea mbele ya walimu wa idara yake. Walimu humrudisha, na wakati mwingine humrudisha tena. Hapo wazazi msishtuke. Kurudishwa kwenye pendekezo ni rehema, kwa kuwa kosa linalopita hapo hugunduliwa baadaye, takwimu zikiwa zimeshakusanywa na hela imeshaisha. Akikubaliwa hupewa msimamizi, na kama utafiti unahusu afya za watu hutakiwa pia kibali cha maadili, ambacho kwa mambo ya afya husimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mtafiti akiwa anatoka nchi nyingine, lazima apite Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya 1986. Akitaka kuingia msitu wa hifadhi wa Magamba, kuna ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu.

Kisha inakuja barua. Naomba nikae kidogo kwenye barua hii, kwa kuwa wengi wenu mmewahi kuiona ikifika kijijini bila kujua imetoka wapi.

Chuo kinamwandikia Katibu Tawala wa Mkoa, Tanga. Mwanafunzi anaipeleka Tanga mjini, kule pwani, anangoja, anapewa barua nyingine ya kumtambulisha kwa Katibu Tawala wa Wilaya. Anarudi Segera, Korogwe, Mombo, anapanda zile kona za kuelekea Soni hadi Lushoto. Wilayani anapewa barua ya kwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Hapa wageni wengi hukosea, kwa sababu wilaya yetu moja ina halmashauri mbili, Lushoto na Bumbuli. Kijana anayetaka kwenda Bumbuli hukaa nje ya ofisi ya Lushoto asubuhi nzima, kisha anaambiwa arudi Soni akashike njia nyingine. Kutoka kwa Mkurugenzi anakwenda kwa Mtendaji wa Kata, kwa Mtendaji wa Kijiji, kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwisho kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye kwa kweli ndiye mwenye kujua nyumba ya nani iko wapi. Kila ofisi inagonga mhuri. Barua ikifika kitongojini imejaa mihuri mpaka nafasi ya kuandika haipo.

Silaumu utaratibu huu. Serikali ina haki ya kujua nani anazunguka vijijini na anauliza nini, na wananchi wana haki ya kulindwa na watu wanaojifanya watafiti. Ninalotaka mlione ni kwamba barua inajua njia ya kupanda kutoka chuoni hadi kwa mkulima, mhuri kwa mhuri. Njia ya kurudi na majibu haina hata mhuri mmoja.

Na mwanafunzi akishafika, mlima unamwekea masharti yake ambayo hayamo katika kitabu cha kanuni. Mtu aliyepanga fildi mwezi wa Aprili kwa sababu kalenda ya chuo inasema Aprili, atakutana na masika. Njia ya kwenda Mtae hutelezesha, udongo hushuka barabarani, gari la abiria hukaa upande mmoja wa maporomoko na wewe upande wa pili. Siku ya gulio hutapata mtu wa kujaza dodoso. Mama amebeba kabichi zake tangu alfajiri, na hana sababu ya kuacha mnunuzi akakuambie ana ekari ngapi. Ijumaa mchana watu wengi wako msikitini, Jumapili asubuhi wengine wako kanisani, na msiba ukitokea kijiji chote kinakwenda, nawe unapaswa kwenda. Wanafunzi wanaofanikiwa ni wale waliomuuliza mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kupanga tarehe. Kijana wangu unayejiandaa kuja, fanya hivyo. Piga simu. Mwambie shikamoo, jitambulishe, uliza mavuno ni lini na wazee wanapatikana saa ngapi. Dakika hizo za simu zitakuokolea majuma.

Akirudi chuoni anaandika. Sura baada ya sura zinakwenda kwa msimamizi na kurudi zimejaa wino mwekundu, au siku hizi zimejaa maoni pembeni mwa skrini. Hapo ndipo disetesheni nyingi hulala. Msimamizi ana wanafunzi wengi, ana vipindi, ana safari. Mwanafunzi naye amerudi kazini kwake, na aibu ya kuchelewa inamfanya akwepe simu ya msimamizi, na kadiri anavyokwepa ndivyo aibu inavyozidi. Nimeona watu wazima, walimu wakuu wenye heshima zao, wakimkimbia profesa kama mtoto aliyevunja chungu. Msifanye hivyo. Peleka ulichonacho hata kama ni kurasa tano. Kila mnapoonana andika mliyokubaliana, mtumie nakala, na weka tarehe ya mbele. Muda wa kujisajili una mwisho wake, na ukipita unaomba nyongeza na kuilipia. Ukipita sana, jina linafutwa.

Kazi ikikamilika, vyuo vingi hutaka mwanafunzi atoe taarifa mapema kwamba anakusudia kuwasilisha, ili watahini watafutwe. Mtahini wa ndani anatoka chuoni, wa nje anatoka chuo kingine. Wanasoma, wanaandika ripoti, na mara nyingi mwanafunzi anaitwa kutetea kazi yake mbele ya jopo. Ni nadra mtu kuambiwa hakuna cha kusahihisha. Anapewa orodha ya masahihisho na muda wa kuyamaliza, msimamizi anathibitisha kwamba yamefanyika, ndipo kitabu kinajalidiwa kwa jalada gumu, jina na mwaka vimeandikwa kwa herufi za dhahabu kwenye mgongo, nakala zinakwenda maktaba, na jina linapelekwa Seneti.

Ukurasa mmoja katika kitabu hicho naupenda kuliko mingine yote. Ni ukurasa wa tamko, ambapo mwanafunzi anatia sahihi kwamba kazi ni yake na haijapata kutolewa kwa shahada nyingine mahali popote. Siku hizi vyuo vina programu za kompyuta, kama Turnitin, zinazolinganisha maandishi na mengine yaliyokwisha kuandikwa, na wizi hugunduliwa. Lakini kuna mambo ambayo programu haigundui. Haigundui dodoso lililojazwa gesti usiku na mtu mmoja kwa kalamu tatu tofauti. Haigundui kijiji ambacho mwanafunzi hakukifikia kwa sababu mvua ilinyesha, akaandika majibu ya kijiji cha jirani. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kulibaini hilo mara moja, naye ni mwenyeji wa kijiji hicho. Naye hapewi nafasi ya kusoma.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Milima hii imetafitiwa kwa zaidi ya miaka 100. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya kilimo na baiolojia pale Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902. Baada yao wakaja Waingereza, baadaye Amani ikawa kituo cha utafiti wa malaria, na mpaka leo jina la Amani linabebwa na kituo cha NIMR kule Muheza. Kabla ya taasisi hiyo kuanzishwa, 1892, ofisa mmoja Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma kwao ua dogo la zambarau alilolikuta katika misitu ya huku. Mwaka uliofuata likapewa jina la kisayansi Saintpaulia, jina la ukoo wake, na leo linauzwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Watoto wetu wengi hawajapata kuliona.

Msitu wa Mazumbai, huku Usambara Magharibi, uko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Familia ya mlowezi aliyeumiliki iliukabidhi kwa chuo kikuu ili utunzwe na watu wasomee humo, na wanafunzi wa misitu wamekuwa wakipima miti yake kizazi kwa kizazi. Tauni ilipozuka wilayani kwetu 1980 na kurudi mara kwa mara hadi miaka ya mwanzo ya 2000, wataalamu wa Sokoine pamoja na wenzao wa vyuo vya Ubelgiji walikuja kutafiti panya na viroboto. Swali lao lilikuwa lile lile mlilokuwa mkijiuliza ninyi: kwa nini kijiji hiki kinapigwa na kile cha ng'ambo ya bonde kinasalimika? Mmomonyoko wa udongo nao umeandikiwa rafu nzima za vitabu, tangu mradi wa SECAP ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Ujerumani, uliotuachia yale majani ya gwatemala kwenye kingo za mashamba.

Kwa hiyo mzee wa Mlalo au wa Mtae ameulizwa maswali na watoto wa vyuo vingi. Ameulizwa kuhusu visima, mbolea, vyandarua, karoti, ada za shule, choo chake kina mlango au hakina. Ninapopita vijijini watu huniuliza kuhusu vijana hao. Wanataka kujua kama yule binti aliyekuja wakati wa njaa alifaulu. Wanamkumbuka kwa jina. Walimpikia. Hawaulizi kuhusu posho, wanauliza mtoto alifika wapi na maneno yao aliyapeleka wapi. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni kaja, kala, kaandika, kaondoka na shahada, na mwenyeji bado anangoja hiyo nafuu yake.

Anayedhani mrejesho ni adabu tu, jambo zuri lakini la ziada, namwomba akumbuke habari ya matuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliona udongo wa Usambara unashuka bondeni. Kuanzia 1946 katika bonde la Mlalo, na baadaye kwingineko mlimani, watu walilazimishwa kulima matuta kwenye miteremko. Udongo kweli ulikuwa unashuka, na wataalamu hawakudanganya katika hilo. Lakini mpango ulichorwa bila kurudishwa kwa watu wasikilizwe. Kazi ya matuta ilikuwa nzito na ilielemea wanawake. Pia iligusa desturi ya kuazimana mashamba ambayo masikini waliitegemea, kwa sababu ukishatumia nguvu zote hizo kwenye kipande cha ardhi hutakiachia tena kwa urahisi, na mwenye shamba hatakuazima tena kwa wepesi. Watu walikataa. Waliwazomea watawala wao, chama cha TANU kikapata wafuasi, na kabla ya uhuru mpango ukawa umeachwa.

Haya yote yameelezwa na mwanahistoria Mmarekani, Steven Feierman, aliyefika huku miaka ya 1960 akiwa mwanafunzi, akajifunza Kishambaa, akakaa na wazee. Kitabu chake kuhusu ufalme wa Washambaa kilitoka 1974, na kingine, kinachowaita wakulima wa huku wasomi kwa haki yao wenyewe, kilitoka 1990. Namheshimu sana kwa hilo. Lakini vitabu hivyo ni vya Kiingereza, na mjukuu wa mzee aliyemsimulia hana pa kuvipata hapa Lushoto. Profesa Ruth Besha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza sarufi ya Kishambaa kwa undani. Kitabu chake kimoja kilichapishwa Berlin 1989 na msamiati wake wa Kishambaa Tokyo 1993. Fikirini hayo: maneno ya bibi zetu yamehifadhiwa Tokyo.

Na bado tunao mfano wa kale unaokwenda kinyume na mtindo huo. Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, ikapigwa chapa na wamisionari wa Magila kuanzia miaka ya 1890, na 1962 ikatolewa tena kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Wazee wanaweza kubishana naye, na wanabishana, kuhusu mfalme Mbegha na kuhusu mambo ya Vugha, makao ya ufalme. Wanabishana kwa sababu wanaweza kumsoma.

Pendekezo langu ni hili. Chuo kinapompa mwanafunzi barua ya kwenda fildi, kimpe na karatasi ya pili, fomu ya mrejesho. Masahihisho ya tasnifu yakishakwisha, mwanafunzi aandike muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili cha kawaida, aupeleke kijijini, ausome kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ajibu maswali, na mtendaji agonge mhuri kwenye fomu hiyo. Jina lisiende Seneti mpaka fomu iwe imerudi. Mkutano haulazimiki kuitishwa kwa ajili yake. Kwa taratibu za serikali za mitaa, zilizojengwa juu ya Sheria Na. 7 ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa angalau kila miezi mitatu, na watu wazima wote wa kijiji ni wajumbe. Nafasi ipo kwenye ajenda, mara nne kwa mwaka.

Najua wanafunzi mnanung'unika. Mnasema hela ya kwenda ilipatikana kwa shida, ya kurudi itatoka wapi? Ni kweli, na ndiyo maana mrejesho unatakiwa uandikwe kwenye bajeti ya pendekezo tangu siku ya kwanza, pamoja na nauli na karatasi, na mfadhili au mwajiri auone hapo. Anayesoma kwa jasho lake na hana kabisa, kanuni imruhusu atume muhtasari kwa mtendaji na kuzungumza kwa simu iliyowekwa kwenye kipaza sauti siku ya mkutano. Nimeona mikutano ya harusi ikiendeshwa hivyo na watu wakasikilizana vizuri.

Walimu wa vyuo nao watasema kwamba si kila matokeo yanafaa kusomwa hadharani. Nakubaliana nao kabisa. Kama utafiti ulihusu ukimwi, au ugomvi wa ndoa, au wizi wa magogo msituni, kusoma mbele ya kijiji kidogo kwamba "mhojiwa wa tatu, mjane mwenye watoto wanne, alisema hivi" ni kumtaja jina. Hapo msimamizi na kamati ya maadili waamue kiasi gani kisemwe na kwa nani. Kuna mengine yatafaa kupelekwa zahanati au kwa mwalimu mkuu tu. Lakini tasnifu juu ya udongo, viazi, maji au misitu haina siri ya mtu, na hizo ni nyingi sana huku kwetu.

Pingamizi linaloniudhi ni lile linalosema wanakijiji hawataelewa. Takwimu za uwiano na uhusiano wa vigezo huenda wasizielewe, na hata baadhi ya walioziandika hawazielewi sana. Lakini mkulima ataelewa ukimwambia kwamba ulipima udongo wa mashamba ya bonde lake, ukakuta yenye kingo za majani yamebaki na rutuba zaidi ya yasiyo nazo. Atakuuliza ulipima mwezi gani, na upande upi wa mlima, na kama ulijua kwamba shamba lile la chini mwenyewe alikuwa akimwaga samadi. Maswali ya namna hiyo ndiyo ambayo mtahini wa nje angetamani kuyauliza lau angekuwa anaishi Mtae. Kwa hiyo ningependelea hata rasimu ipelekwe kabla ya kujalidiwa, inapowezekana, ili makosa yasahihishwe na wanaojua. Vyuo ambavyo vinataka ubora, hapo upo.

Kuna suala la lugha. Mzee anajibu kwa Kishambaa, mkalimani anaweka kwa Kiswahili, mwanafunzi anaandika kwa Kiingereza, na mtahini anasoma Kiingereza hicho. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupokea tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema lugha yetu haiwezi kubeba kazi ya ngazi hiyo. Lakini sitaki hoja ya lugha ya tasnifu nzima itucheleweshe. Kurasa mbili kila mwanafunzi anaweza.

Hatuna haja ya kungoja TCU wala Seneti ya chuo chochote ili tuanze. Halmashauri zetu mbili zinaweza kuamua kwamba barua ya kibali itolewayo Lushoto au Bumbuli iwe na sentensi moja inayomtaka mtafiti arudishe muhtasari wa Kiswahili kwa kijiji na nakala ya tasnifu kwa halmashauri. Nakala hizo ziwekwe mahali wanafunzi wa sekondari wanaweza kwenda kuzisoma. Mtoto wa kidato cha sita atakayekuta kitabu kizima kimeandikwa kuhusu chanzo cha maji cha kijijini kwao ataisoma jiografia kwa macho mengine.

Nanyi watendaji wa vijiji, mama zangu na kaka zangu mnaokaa kwenye ofisi hizo zenye baridi, kwenye meza zenu kuna kitabu cha wageni. Kila mtafiti ameandika humo jina, chuo, namba ya simu na shughuli iliyomleta, kisha akatia sahihi. Chukueni rula, mpige mstari wa safu moja zaidi pembeni, muandike juu yake "Mrejesho", na mtafiti akifika mumwombe aandike mwezi anaotarajia kurudisha. Mwezi huo ukipita, mpigieni simu. Mwambieni mkutano mkuu unakaa tarehe fulani, na kwamba mmemtengea nafasi baada ya taarifa ya mapato na matumizi.